Nilivyokwenda Kumposea Mwenzangu Kazi

Siku ya kwanza alipoingia kazini, hata kabla ya kuonyeshwa meza yake, alimuuliza mkurugenzi wetu ana miaka mingapi.

Mkurugenzi ni Mbelgiji, mtu mrefu anayependa mambo yaende moja kwa moja, lakini swali lile lilimkaa vibaya. Alicheka kwa pua, akasema kwamba kwao mtu haulizwi umri ofisini. Yule mgeni akawa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa mhandisi kutoka Vietnam, mwanamke mdogo wa mwili mwenye nywele zilizofungwa nyuma, ameletwa na makao makuu ya Ulaya aje asimamie mashine za kiwanda chetu cha kahawa hapa Bujumbura. Akapita meza hadi meza akipeana mikono, kimya, hana swali tena. Alipofika kwangu nilimhurumia. Nikamwambia kwa Kifaransa, "Mimi nimeshapita hamsini, kama unataka kujua."

Uso ukamfunguka. "Basi wewe ni dada yangu mkubwa," akasema, na kadi yake akanipa kwa mikono miwili, kama watoto wa kwetu wanavyofundishwa kumpa kitu mtu mzima.

Baadaye alinieleza kwamba kwao huwezi kumsemesha mtu vizuri kabla hujajua umri wake, kwa sababu lazima ujue kama ni dada, mdogo, shangazi au babu. Bila hivyo unabaki umesimama mbele yake kama uliyepotea njia. Mimi sikuona ajabu yoyote. Nyumbani kwetu mtaa wa Jabe, mtoto akimwita mtu mzima kwa jina tupu, bila ami wala shangazi, anarudishwa mlangoni aanze upya. Babu zangu walitoka Oman wakafungua duka la vitambaa mjini hapa, na ingawa sisi tumezaliwa hapa na tutazikwa hapa, bado kuna watu sokoni wanaoniita Mwarabu. Ugeni naujua kidogo. Toka siku ile akaniita Dada, mimi nikamwita mdogo wangu, na ofisi nzima ikanifuata. Akawa Dada Mdogo, na jina likamganda.

Niseme na mimi ni nani. Kampuni yetu ni ya watu wa Ulaya. Inanunua kahawa kwa wakulima wa milimani, inaikoboa, inaichambua, inaisafirisha. Mimi ni katibu wa mkurugenzi. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa mlangoni kwangu tangu nilipoajiriwa nikiwa msichana. Wakurugenzi wanakuja, wanaondoka, na kila mmoja namfundisha fundi gani ni mwongo, umeme unalipiwa wapi, na forodhani aongee na nani ili kahawa isilale juani. Mlango ni uleule, maandishi ni yaleyale. Sikuwahi kulalamika. Kwetu mtu anayejitajataja anaonekana hakulelewa, na tena macho ya watu unayajua.

Dada Mdogo aliingia kiwandani akazama. Mashine ya kukoboa ilikuwa inavunja punje vibaya. Kila msimu wanunuzi walilalamika, na kila msimu mkurugenzi aliilaumu mvua. Yeye aliifungua mashine ile, akalala chini yake na koti lake la buluu, akatoka na grisi mpaka kwenye nyusi. Hazikupita siku nyingi, punje zikawa zinatoka nzima. Magunia yaliyokuwa yameegemezwa ukutani upande wa ziwa, yakinyonya unyevu, akayasogeza na kuyainua juu ya mbao. Kisha akaenda kwenye ukumbi wa wachambuaji, akina mama wanaokaa mezani kutwa wakitoa punje mbovu kwa vidole. Wengi wao wanatoka Musaga, mtaa wa juu mlimani, na siku ambazo mafuta ya magari yamekosekana mjini wanashuka kwa miguu. Wengine ni Wakongo waliokimbia vita wakabaki. Akaketi nao, akachambua nao kuanzia asubuhi mpaka kengele ya jioni. Kesho yake akaita seremala aje azipandishe meza, maana mgongo wake mwenyewe ulikuwa umemsimulia habari yote.

Na haya yote hakumtangazia mtu. Kwenye ripoti aliandika "tumerekebisha", "tumeinua", "akina mama wamependekeza". Mkurugenzi anakaa ofisini mjini, na kiwandani anafika akiwa na wageni tu. Aliona kahawa imetoka safi, akadhani msimu umekuwa mwema.

Sasa, kampuni yetu ina desturi moja ambayo mpaka leo inanitoa jasho. Msimu ukikaribia kwisha, kila mkuu wa kitengo anasimama mbele ya mkurugenzi na wenzake, anaeleza mambo makubwa aliyoyafanya. Baadaye anakuja mgeni kutoka Ulaya, wanarudia tena mbele yake, na hapo ndipo mikataba inapoongezwa au kukatwa. Wao wanayaita mazungumzo. Mimi nayaita siku ya kujipiga kifua. Mzungu wetu wa mauzo alisimama wa kwanza, mikono mfukoni: mimi nimefungua soko hili, mimi nimeokoa mkataba ule, bila mimi tungeanguka. Barua zote za soko hilo nilikuwa nimeziandika mimi, yeye kazi yake ilikuwa kutia sahihi. Nikaendelea kumimina chai.

Zamu ya Dada Mdogo ikafika. Alisimama, akaunganisha mikono mbele, akainamisha kichwa kidogo.

"Kwanza naomba radhi kwa kuwasumbua msimu mzima," alisema. "Kazi yangu bado ina kasoro nyingi. Kama kuna jema lililofanyika, ni la wenzangu. Nitajitahidi nijifunze zaidi."

Akakaa. Mimi niliposikia maneno yale nilisema moyoni, huyu mama yake alimlea. Nilidhani kila mtu chumbani amesikia nilichosikia mimi.

Mkutano ulipokwisha, mkurugenzi akaniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Umemsikia?" aliniuliza. Alikuwa na huzuni ya kweli, namjua. "Mwenyewe amekiri. Mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi. Mtafutie tiketi ya kurudi kwao, na mkuu wa Ulaya akija nitamweleza."

"Lakini Patron, kahawa ya mwaka huu..."

"Kahawa ni nzuri, naiona. Lakini yeye mwenyewe anasema si kazi yake."

Ningeweza kumchukia kama angekuwa na ubaya. Hakuwa nao. Aliambiwa neno akaliamini. Kwao mtu akisema ana kasoro nyingi, unajua hizo alizozitaja ni nusu tu ya zilizopo. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Damu ilinichemka na sikuwa na pa kuimwaga. Nilirudi mezani kwangu, nikapanga upya droo iliyokuwa tayari imepangwa, na tiketi sikuitafuta.

Nilimwambia Dada Mdogo siku iliyofuata, saa ya chakula, tumekaa nyuma ya kiwanda kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa ameleta supu yake ya tambi kwenye themosi, na kama kawaida yake alinimiminia huku akiomba msamaha kwamba haina ladha. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Niliposema neno la tiketi, aliweka kijiko chini polepole.

"Ulaya pia walisema hivyo," alisema. "Waliniweka kwenye kona, wakasema kwenye mikutano sina mchango. Nilipoomba kuja huku wakaniambia hii ni nafasi ya mwisho." Akaifunika supu. "Baba yangu amewaambia watu wa mtaa wetu wote kwamba binti yake anaendesha kiwanda Afrika. Kila asubuhi anaposhuka kununua mkate, wanamuuliza habari zangu."

Kisha akabadilisha lugha, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwa wachambuaji, "Dada, mi napenda hii kazi. Napenda sana."

Nilimwambia basi hutaondoka. Sikujua hata kidogo ningefanyaje, lakini nilishasema.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kumfundisha kujisifu. Kila ofisi ilipotulia, nilifunga mlango wangu, nikakaa kwenye kiti kama mkuu wa Ulaya, nikamwambia simama hapo. "Umefanya nini msimu huu? Jibu."

"Mashine... imetengenezwa."

"Na nani?"

"Na mafundi."

"Na nani, we mtoto!"

"Na mafundi... mi nilikuwa karibu," akasema, akafunika mdomo kwa kiganja.

Nilimwambia anyanyue kidevu, akanyanyua, macho yakabaki sakafuni. Nilimwambia aweke mikono mfukoni kama bwana wa mauzo. Suruali yake haikuwa na mifuko. Mwisho nilikasirika, nikamwambia kwani kuna ugumu gani, ni kufungua mdomo tu.

"Basi nionyeshe, Dada," akasema, akakaa kwenye kile kiti changu. "We umefanya nini?"

Nikasimama. Nikakohoa. "Mimi," nikaanza, "kwa uwezo wa Mungu... na kwa msaada wa wenzangu... nimejitahidi kidogo..." Nikajisikia nimeanza kutoka jasho. Tulitazamana, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka mlinzi akaja kugonga kuuliza kama kuna shida.

Lakini nilipokuwa narudi nyumbani kicheko kiliisha, nikaona mambo yalivyo mabaya. Mgeni wa Ulaya alikuwa karibu kufika, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyeshindwa somo.

Jumapili ya wiki ile, nyumbani kwetu kulikuwa na posa. Binti wa kaka yangu alikuwa anaposwa, na mama yangu alisema nisimwache yule mtoto wa watu peke yake kule Kibenga anakokaa, nimlete ale na wengine. Nikamleta. Alivaa gauni refu la rangi ya maziwa na kubeba matunda aliyonunua njiani, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akamshika shavu.

"Karibu, mutoto wangu," mama akasema. "Utatusamehe sana, leo hatukupika kitu."

Nyuma yake meza ilikuwa imelemewa: biriani, sambusa, samaki mzima wa ziwani, kachumbari, kaimati. Dada Mdogo akaitazama meza, akamtazama mama, akaniangalia mimi, akaangua kicheko.

"Mama yangu anasema vilevile!" akasema. "Anapika siku nzima, halafu anasema hakuna kitu!"

Mama naye akacheka, ingawa hakuona kinachochekesha. Mimi nikakumbuka siku niliyomwalika mkurugenzi mmoja, wa kabla ya huyu. Mama alimwambia hatukupika kitu, na yule bwana, kwa wema kabisa, akasema basi tusihangaike, atatupeleka sote mgahawani. Mama hakumsamehe mpaka alipohama nchi.

Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake chumba cha pili, pazia katikati. Upande wa kijana ulikuwa umemleta mshenga, mfanyabiashara mmoja wa magodoro mwenye sauti ya kuuza hata godoro lililotoboka. Alipewa kikombe cha kahawa, akakiweka mbele yake asikiguse.

"Kahawa hii nimeiona na harufu yake nimeipenda," alisema, "lakini mi siinywi mpaka nijibiwe haja iliyonileta."

Kisha akaanza. Kijana wetu, mashallah, hivi. Kijana wetu vile. Mama yake akiugua ni yeye anayekesha. Dukani hajawahi kumdhulumu mtu. Alimpandisha kijana yule mpaka nikaanza kumtamani mimi. Ami yangu, anayependa kuchokoza, akauliza, "Na kasoro zake?" Mshenga hakubabaika: "Akicheka anacheka kwa kelele. Hiyo mutaivumilia." Chumba cha pili tukauma vidole tusisikike. Baada ya muda ami akasema, "Kunywa kahawa yako, bwana," na hapo vigelegele vikapasua dari, maana hilo ndilo lilikuwa jibu.

Dada Mdogo akanivuta mkono. "Huyu anayeoa yuko wapi?"

"Yuko kwao, anasubiri."

"Haji kujisemea?"

"Akija kujisifu mwenyewe tutamfukuza," nikamwambia.

"Kwetu pia," akasema. "Kwetu anakuja mzee wa upande wake, ndiye anayesema. Mwanamume ananyamaza tu."

Hapo tukatazamana. Sijui nani aliliwaza kwanza. Yeye anasema mimi, mimi nasema yeye. Nilimshika mkono nikamwambia katikati ya zile kelele, "Basi mdogo wangu, usijifunze tena. Nitakwenda kukuposea kazi."

Mkuu kutoka Ulaya alikuwa mama mwenye nywele fupi za mvi na viatu vya kutembelea. Alitaka kuonyeshwa kiwanda, kwa hiyo mazungumzo yalifanyika kulekule, kwenye ukumbi wa wachambuaji, meza zimesogezwa pembeni na akina mama wamesimama ukutani na vitambaa vyao kichwani. Mbele yetu sote tulioketi vilipangwa vikombe vya kahawa mpya ya msimu. Mimi nilikuwa nimevaa kama mtu anayekwenda posani kweli, baibui jipya, udi mpaka kwenye mtandio. Mkurugenzi alinusa, akanitazama mara mbili.

Bwana wa mauzo alijipiga kifua. Wa usafirishaji akajipiga chake. Mkurugenzi akataja jina la Dada Mdogo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita mgonjwa kwa daktari, na nikaona anamtazama mkuu kwa jicho la kusema huyu ndiye niliyekwambia.

Nikasimama mimi. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimeingia kwenye mikutano kama mleta chai.

"Madame," mkurugenzi akasema kwa upole, "si zamu yako."

"Najua, Patron. Leo sikuja kama katibu. Nimekuja kama mshenga."

Neno hilo nililisema kwa Kiswahili, na kule ukutani akina mama wakaguna kwa furaha. Wakubwa ndio hawakuelewa, kwa hiyo nikawafafanulia kwa Kifaransa. Nikawaambia kwamba kwetu mtu anayetaka jambo kubwa hajisemei mwenyewe. Anamtuma mtu anayemjua, na yule anayemjua ndiye anayebeba aibu akisema uongo. Nikawaambia kwao Vietnam ni vilevile. Mtu wa namna hii mkimsimamisha ajisifu, atawaambia ana kasoro nyingi, na ninyi mtamwamini, na mtapoteza mtu. Kisha nikachukua kikombe changu cha kahawa, nikakinusa, nikakirudisha mezani.

"Kahawa hii ni nzuri sana," nikasema. "Lakini siinywi mpaka nijibiwe."

Mkurugenzi alifungua mdomo. Mkuu akaweka kalamu chini, akaegemea kiti. "Endelea," akasema.

Nikaendelea. Sijui yale maneno yalikuwa yamelala wapi miaka yote. Niliwapeleka kwenye mashine, nikawaonyesha pale alipolala chini na koti la buluu. Nikawaonyesha magunia juu ya mbao, na alama ya unyevu ukutani yalipokuwa yameegemea zamani. Tuliporudi ukumbini nikamwomba mkuu ashike punje za mwaka huu, azimwage kiganjani, atafute iliyovunjika. Alitafuta kweli, akavaa na miwani. Nikamwambia, "Hiyo mvua ambayo tumekuwa tukiilaumu, Madame, ilinyesha mwaka huu pia."

"Na kasoro zake?" akauliza mkuu.

Karibu nicheke, ilikuwa sauti ya ami yangu kabisa. "Anayo moja," nikasema. "Anafanya kazi kimya. Hiyo mtaivumilia."

Kabla hajajibu, kapita wa wachambuaji, yaani msimamizi wao, akatoka ukutani. Ni mama wa Kikongo kutoka Uvira, mnene, hamwogopi mtu. Mimi sikuwa nimempanga.

"Patron, mi sijui Kifaransa ya bureau," akasema, mikono kiunoni. "Lakini mi niko na macho. Mbele ya huyu dada kuja, tulikuwa tunainama pa meza mpaka mugongo inakufa. Hakuna mutu alituuliza. Ye alikuya akaikala na sisi, akachambua na mikono yake. Kesho yake meza zikapandishwa. Leo mi narudia nyumba ningali mutu, naweza kubeba mutoto wangu. Basi. Mukimufukuza, muniambie nani atatuuliza tena."

Nikatafsiri neno kwa neno. Kwenye kubeba mtoto nilirudia mara mbili, wasikie vizuri. Mkuu akamgeukia mkurugenzi.

"Ulijua haya?"

Nitamheshimu daima kwa jibu lake. "Hapana," akasema. "Sikuuliza. Nilimsubiri aniambie."

Dada Mdogo alikuwa amekaa mikono mapajani, kichwa chini, kama kijana anayesubiri kwao. Mkuu akakitazama kile kikombe changu, mvuke umeshakwisha. Akakisogeza mbele yangu.

"Kunywa kahawa yako, Madame," akasema.

Sikuhitaji kutafsiri. Wale akina mama hawajui Kifaransa cha ofisi, lakini kikombe walikiona kinasogea, na impundu ziliruka, vigelegele vya huku kwetu, ukumbi mzima, mpaka wapakiaji wakaja mbio kutoka nje wakidhani kuna harusi. Nilikunywa ile kahawa baridi yote. Nilijisikia mrefu kuliko mkurugenzi. Nilikuwa nimeshinda, na wala sikutaka kujizuia kufurahi.

Nikarudi kitini, na mambo yangeishia hapo. Lakini Dada Mdogo alisimama. Nikamwonyesha kwa jicho akae, asije akaomba radhi akaharibu yote. Hakunitazama. Alimtazama mkuu usoni, kidevu juu, kile kidevu nilichohangaika nacho ofisini kwangu kwa mafunzo yote yale.

"Mimi siwezi kujisemea," alisema kwa Kifaransa, sauti safi. "Lakini nina dada hapa, naye pia hana wa kumsemea."

Akachukua kikombe chake kwa mikono miwili, akakinusa, akakiweka mezani bila kukigusa kwa midomo.

Akaeleza kwamba barua za lile soko jipya zimeandikwa na nani. Bwana wa mauzo akaanza kutazama viatu vyake, kisha, lazima nimpe haki yake, akatikisa kichwa kukubali. Dada Mdogo akaeleza nani anayejua forodha, nani aliyewapokea wakurugenzi wote na kuwafundisha, nani anayepigiwa simu umeme ukikatika na mashine imejaa kahawa. "Ofisi hii anaiendesha yeye," akasema. "Mlangoni kwake pameandikwa katibu. Naomba mlango ule uandikwe ukweli. Meneja wa ofisi, na mshahara wa meneja."

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Sikujiambia simama, nilijikuta tu nimesimama, mikono nimeiunganisha mbele, kichwa kimeinama. Na kinywa changu, hiki hiki kilichotoka kumpandisha mtu mpaka mawinguni, kikafunguka kikasema, "Hapana, hapana, Madame, anazidisha. Mimi nimefanya kidogo tu. Tena kasoro zangu ni nyingi, naomba radhi..."

Ukumbi ukapasuka. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kucheka, akapiga paja lake, na safari hii alicheka kwa sababu ameelewa. Dada Mdogo alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika. Kapita akanishika bega, akanisukuma kwenye kiti.

"We mama, ikala!" akasema. "Nyamaza. Mushenga wako anangoja jibu."

Nikakaa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Mkuu alimtazama mkurugenzi, mkurugenzi akanitazama mimi kwa muda, kama mtu anayesoma mlango aliopita mbele yake kila siku. Kisha akainuka, akaizunguka meza, akakichukua kile kikombe cha Dada Mdogo, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa," akamwambia.